KMC Z8.3 na friwili ya Shimano MF-TZ500: dawa ya baiskeli kuukuu ya gia inayoruka cheni

Baiskeli za mtumba za gia, zile za magurudumu ya inchi 26, zimejaa Tanga, kuanzia Makorora na Mabawa hadi Raskazone. Fremu zake nyingi ni za chuma na bado ni nzima kabisa. Kinachochoka mapema ni sehemu za kuendesha: cheni, friwili (lile rundo la spoketi, yaani magurudumu ya meno, kwenye gurudumu la nyuma) na waya wa gia. Dalili yake kila mwendeshaji anaijua: unakanyaga kwa nguvu ili uvuke barabara upesi, cheni inaruka jino, mguu unashuka bila kitu na mwili unakwenda mbele. Hilo ni jambo la hatari, si kero tu.

Hapa tunapitia spea mbili zinazomaliza tatizo hilo kwa baiskeli nyingi za aina hiyo: cheni ya KMC Z8.3 na friwili ya Shimano MF-TZ500. Hukumu yetu ni kwamba ni jozi nzuri, imara kuliko cheni na friwili zisizo na jina, na inastahili kuwekwa hata kwenye fremu ya miaka mingi. Lakini haifai kwa kila baiskeli ya mjini hapa, na ukinunua bila kupima kwanza unaweza kutupa pesa.

Jua unachotibu

Kuruka kwa cheni kuna sura kadhaa. Ikiruka pale tu unapokanyaga kwa nguvu, tena zaidi kwenye spoketi ndogo za nyuma, huo ni uchakavu: cheni na meno havikai pamoja tena. Hapo ndipo jozi hii inapohitajika.

Ikiruka kwa mpangilio, kila baada ya mizunguko miwili na robo tatu hivi ya pedali, una kiungo kimoja kigumu. Hesabu yake ni nyepesi: cheni ya viungo 116 kwenye spoketi ya mbele ya meno 42 hurudi ilipoanzia kila baada ya mizunguko 2.76. Zungusha pedali kinyumenyume polepole ukiangalia mashine ya gia, yaani ule mkono wa nyuma wenye vigurudumu viwili vya kuvuta cheni. Kiungo kigumu kikipita hapo utauona mkono ukishtuka. Kishike kwa mikono miwili, kipinde kidogo kushoto na kulia, tia tone la oili. Kimekwisha, na hujanunua kitu.

Mlio au kishindo kimoja kwa kila mzunguko wa pedali hutoka mbele: jino lililopinda, krenki (mkono unaoshika pedali) iliyolegea, au pedali yenyewe. Cheni ikihama gia bila kuombwa, kosa kubwa zaidi huwa ni waya uliooza ndani ya ganda lake. Na pedali zikizunguka bure mbele na nyuma huku gurudumu limesimama, basi vijino vya ndani ya friwili vimeganda kwa grisi kuukuu au kutu. Laza gurudumu, mimina mafuta ya taa kwenye mwanya wa friwili, zungusha, mwaga, rudia hadi yatoke masafi, kisha tia oili. Friwili nyingi hufufuka kwa njia hii na zinaendelea kutumika.

Pima kabla ya kwenda dukani

Watu husema cheni "imevutika", lakini chuma chenyewe hakivutiki. Kinachotokea ni kwamba mchanga na oili vinaingia kwenye pini na kuzila, kila kiungo kinapata ulegevu mdogo, na ulegevu wa viungo vyote ukijumlishwa cheni inakuwa ndefu. Cheni ndefu haikai tena chini kwenye shina la jino. Inapanda juu, inalila jino upande mmoja hadi linakuwa na umbo la ndoano, na siku moja inaruka.

Umbali kutoka pini hadi pini kwenye cheni mpya ni milimita 12.7, yaani nusu inchi. Viungo 24 ni milimita 304.8. Tumia tepu ya chuma ya seremala, si ya fundi cherehani kwa sababu ile ya kitambaa huvutika yenyewe. Usianzie sifuri, maana kile kidude cha mwanzo cha tepu hucheza. Anzia alama ya milimita 100 katikati ya pini, kaza cheni, na usome pini ya 24 mbele yake:

Ikiwa kwenye 404.8 hadi karibu 406, cheni ni nzima; tatizo lako liko kwingine. Ikifika 406.4, badilisha cheni peke yake sasa hivi na friwili itapona. Ikipita 408, cheni imeshakula meno, na lazima ununue vyote viwili.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Cheni mpya ikifungwa juu ya friwili iliyoliwa itaruka kuliko ile kuukuu, kwa sababu kuukuu na meno yake vilikuwa vimeshazoeana katika uchakavu. Mwenye baiskeli anarudi dukani akilalamika kwamba cheni ni feki, kumbe cheni haina kosa. Ndiyo maana tunasema mapema: pima, halafu ndipo ujue unanunua kimoja au viwili.

Angalia pia spoketi ya mbele. Za chuma hudumu sana, mara nyingi kuliko friwili mbili au tatu. Ikiwa meno yake yamechongoka na kuinama, cheni mpya itang'ang'ania chini badala ya kuachia. Kwenye krenki nyingi za mtumba spoketi hizo zimepigwa ribiti, kwa hiyo utabadilisha krenki nzima ya upande wa kulia.

Cheni: KMC Z8.3

Ni cheni ya inchi 1/2 kwa 3/32, kwa ajili ya mifumo ya gia 6, 7 na 8 za nyuma. Inakuja na viungo 116 na kiungo cha kufungia kinachofungwa bila kupiga pini. Sahani zake za pembeni zimechongwa ili zipande kwenye meno kwa urahisi wakati wa kubadilisha gia, na hiyo ndiyo tofauti unayoisikia mara moja ukilinganisha na cheni ya bei ya chini kabisa: gia inaingia badala ya kukwaruza ikitafuta nafasi.

Jambo la pili tunalolipenda ni kwamba viungo vyake vyote vinapinda kwa urahisi sawasawa tangu siku ya kwanza. Cheni nyingi zisizo na jina zinakuja na viungo viwili vitatu vigumu kutoka kiwandani.

Udhaifu wake kwa mji wa pwani ni kutu. Z8.3 ya kawaida haina kinga ya kutosha kwa hewa ya chumvi, na baiskeli inayolala nje Sahare au Raskazone itaanza kuonyesha wekundu kwenye sahani za nje upesi ikikosa oili. KMC hutengeneza pia cheni zenye rangi ya kuzuia kutu, zimeandikwa EPT kwenye boksi. Ukiipata ya idadi ileile ya gia, ongeza pesa uchukue hiyo. Kwa vyovyote, usinunue cheni iliyoning'inizwa kwenye msumari nje ya duka. Imekula chumvi kabla yako. Nunua iliyo ndani ya boksi au mfuko uliofungwa, na uangalie kwamba chapa ya KMC imepigwa kwenye sahani zenyewe, si kwenye karatasi tu.

Kukata urefu kunahitaji akili kidogo. Usilaze cheni mpya kando ya kuukuu na kukata zinapolingana. Cheni ya viungo 116 iliyochakaa kwa asilimia moja imerefuka milimita 14.7, zaidi ya kiungo kizima, kwa hiyo utakosea. Hesabu viungo, au bora zaidi, pima upya kwenye baiskeli: zungusha cheni kwenye spoketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye mashine ya gia, ikaze, kisha ongeza viungo viwili, yaani inchi moja. Kata hapo. Cheni fupi kuliko hivyo, siku utakapoingia kubwa kwa kubwa, itang'oa mashine ya gia na sikio la fremu inakoshikiliwa.

Tumia kikata cheni, kile chenye skrubu ya kusukuma pini. Mtindo wa kupigilia pini kwa msumari na nyundo, kisha kuirudisha, ulifaa kwa cheni nene za baiskeli zisizo na gia. Pini za cheni nyembamba zimebanwa vichwa kiwandani. Ukiitoa na kuirudisha, inabaki dhaifu na itachomoka ukiwa katikati ya barabara. Kiungo cha kufungia kipo kwa ajili hiyo. Kipachike nusu mbili, kilete upande wa juu kati ya friwili na spoketi ya mbele, shika breki ya nyuma, kanyaga pedali kwa nguvu: utasikia "tak", na kimefunga. Vipande vya viungo ulivyokata vihifadhi kwenye mfuko wa vifaa pamoja na kiungo cha kufungia cha akiba.

Usiioshe cheni mpya. Ile grisi ya kiwandani iliyo ndani ya pini ni bora kuliko chochote utakachotia baadaye. Futa nje tu kwa kitambaa ili isishike vumbi.

Friwili: Shimano MF-TZ500

Kwanza hakikisha unayo friwili ya kufunga kwa uzi wa skrubu, maana baadhi ya baiskeli za mtumba zina kaseti, yaani spoketi za kuchomeka. Zungusha spoketi kinyumenyume ukitazama yale meno ya ndani karibu na ekseli. Yakisimama tuli huku spoketi zikizunguka, ni friwili. Yakizunguka nazo, ni kaseti, na spea hii haikuhusu.

Ya gia 7 ipo kwa meno 14-16-18-20-22-24-28, na nyingine inaishia 34 badala ya 28. Kwa Tanga mjini, ambako ardhi ni tambarare kutoka Ngamiani hadi baharini, chukua ya 28. Hatua zake ni ndogo na miguu haishtuki. Ya 34 inafaa kwa anayepanda na baiskeli kuelekea Amani au Lushoto, lakini ina mruko wa meno kumi kati ya 24 na 34, mashine fupi za gia haziwezi kuifikia, na itadai cheni ndefu zaidi.

Mtu mwenye gia 6 anunue ya gia 6, asikubali kupewa ya 7 "kwa sababu ni zilezile". Nafasi kati ya spoketi ni milimita 5.5 kwenye gia 6 na milimita 5 kwenye gia 7. Ikiwa gia zako zinabadilika kwa kubofya, hazitalingana. Pia spoketi ndogo inaweza kugusa fremu. Wenye gia za kusukuma bila mibofyo wanaweza kuchanganya, mradi nafasi ya fremu ipo.

Mtu wa mbio ataona mapungufu ya spoketi ndogo ya meno 14. Kwa spoketi ya mbele ya meno 42 na gurudumu la inchi 26, mzunguko mmoja wa pedali unakupeleka kama mita 6.2, sawa na kilomita 22 kwa saa ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika. Kwa kwenda kazini Chumbageni inatosha sana.

Udhaifu mkubwa si wa friwili hii peke yake bali wa muundo wote wa friwili za gia 7. Gololi za habu, yaani kitovu cha gurudumu, upande wa kulia zinakaa ndani, mbali na fremu, na kipande kirefu cha ekseli kinabaki bila mhimili. Weka gunia la makaa au makreti ya samaki kwenye keria, ekseli itapinda, kisha itakatika. Kwa biashara ya mizigo tunasema wazi: msinunue. Baki na baiskeli nzito isiyo na gia.

Kuitoa friwili kuukuu ndiko kunakovunja moyo watu. Kila unapokanyaga unaikaza, hivyo baada ya miaka imejifunga barabara. Kifaa chake kinaitwa TL-FW30 kwa Shimano, chenye meno 12 yanayoingia ndani ya friwili. Friwili za zamani za kampuni nyingine zina pengo mbili au nne, na hizo zinadai kifaa chake; kwa kifaa kisicho chake utakata kingo za pengo na kubaki bila pa kushika. Toa nati ya ekseli, ingiza kifaa, rudisha nati uibane kidogo ili kifaa kisiruke. Kibane kifaa kwenye jiliwa, shika gurudumu kwa mikono miwili na ulizungushe kama usukani wa lori, kinyume cha saa. Likiachia, legeza nati kwanza kabla ya kuendelea, la sivyo utaukata uzi wa ekseli. Pasipo jiliwa, tumia spana malaya kubwa yenye bomba la kuongezea urefu.

Tindo na nyundo hapana. Vinapasua mwili wa friwili, gololi zinamwagika, na kinachobaki kwenye habu ni kipande cha mviringo kisichoshikika. Kama fundi hana kifaa, mpe gurudumu fundi mwenye nacho. Kifaa kimoja kinatosha kwa kijiwe kizima, hivyo mafundi wa mtaa mmoja wanaweza kuchanga na kununua kimoja.

Kabla ya kufunga mpya, paka grisi ya kutosha kwenye uzi wa habu. Anza kwa vidole mizunguko mitatu au minne. Ikigoma, irudishe, usilazimishe, maana habu za aluminiamu zinaliwa uzi kirahisi. Ikishika vizuri, panda baiskeli ukanyage na itajikaza yenyewe. Ukiruka grisi hiyo, atakayeitoa baadaye atakulaumu kwa haki.

Kuziseti pamoja

Simama nyuma ya baiskeli utazame kama vigurudumu vya mashine ya gia viko wima chini ya spoketi. Vikiegemea ndani, sikio la fremu limepinda na hakuna skrubu itakayolirekebisha. Lazima linyooshwe kwanza. Kisha legeza waya, weka cheni kwenye spoketi ndogo, na kwa skrubu yenye herufi H kwenye mashine ya gia leta kigurudumu cha juu wima chini ya ukingo wa nje wa spoketi hiyo. Kaza waya kwa mkono. Panda hadi spoketi kubwa, na kwa skrubu yenye herufi L zuia mashine isiweze kuvuka kwenda kwenye spoki. Hii ya L ipe muda wako wote, kwa sababu mashine ikiingia kwenye spoki inaondoka na gurudumu. Mwisho, kwa ile nati ya duara ya waya, zungusha nusu mzunguko kwa nusu mzunguko: cheni ikichelewa kupanda, ilegeze kinyume cha saa; ikichelewa kushuka, izungushe kwa saa. Kama waya una kutu, badilisha pamoja na ganda lake. Ni bei ndogo kuliko yote uliyokwisha kutumia.

Oili

Oili chafu ya injini, ile inayomwagwa gereji na kutiwa kwenye cheni bure, ndiyo inayoziua cheni Tanga. Imebeba chembe za chuma na ni nzito kiasi cha kukamata kila mchanga wa barabarani. Mafuta ya taa nayo ni ya kuoshea, hayalainishi. Wakati wa kaskazi, vumbi likiwa jingi, mafuta ya cherehani yanafanya kazi nzuri. Masika ikiingia, mvua inayaosha ndani ya siku chache. Badilisha kwa oili safi ya injini. Tia tone moja kwa kila kiungo upande wa ndani, zungusha pedali, acha yaingie, halafu futa nje hadi kitambaa kitoke kikavu. Oili inayoonekana nje haifanyi kazi yoyote ila kukusanya mchanga. Aliyepita ufukweni au kwenye maji ya bahari aioshe cheni kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, aikaushe na kuitia oili.

Wenye Phoenix na Raleigh

Z8.3 haiwafai. Spoketi zenu ni nene, na cheni ya 3/32 haitakaa juu ya meno. Tafuteni cheni ya inchi 1/2 kwa 1/8, kama KMC Z410 yenye viungo 112, na mpime kwa tepu ileile kwa vipimo vilevile. Kiungo chake cha kufungia cha klipu kifungwe upande uliofumbwa ukiangalia mbele, uelekeo wa cheni inapokwenda. Ukiangalia nyuma, kitu chochote kikigusa kitaichomoa klipu.

Na kabla ya kulaumu cheni kwenye baiskeli hizo, shika krenki mbili uzitikise. Kama moja inacheza, kotapini, ile pini inayoshikilia krenki kwenye ekseli yake, imeliwa. Za Raleigh kwa kawaida ni milimita 9.5, lakini zipo pia za 9, na ya 9 kwenye tundu la 9.5 itazama hadi mwisho bila kushika. Toa ya zamani uende nayo dukani. Unapofunga, weka pini za pande mbili zikielekea kinyume, gonga kichwa huku krenki imeegemezwa kwenye bomba la chuma lililosimama sakafuni ili gololi zisipokee kishindo, ndipo ukaze nati. Nati haikazi pini. Inaishikilia tu isirudi. Baada ya siku mbili tatu za kuendesha, gonga tena kidogo na ukaze mara ya pili.